Kiko cha Zimwi na Mkeka wa Mama

Sogeeni, wanangu, mniitikie nami nisimulie. Zamani zile, ilikuwa desturi mkeka alioacha marehemu umaliziwe na binti yake. Mama yake Mwanahawa alifariki akaacha mkeka nusu, na Mwanahawa akawa anausuka huku akiimba wimbo wa mama, machozi yakimtiririka.

Zimwi la msituni likamwona, likampa kiko. "Vuta, mjukuu wangu. Uchungu utakutoka."

Akavuta. Uchungu ukamtoka, na wimbo ukaenda nao. Siku ya pili akarudi mwenyewe, mbio, akavuta. Vidole vikasahau kusuka. Siku ya tatu hakungoja kupewa, alikinyakua.

Mdogo wake, Bishara, akamletea ule mkeka. "Umalizie basi, dada. Wa mama huu."

"Mama yupi?"

Bishara akalia. Akakivunja kiko, akamkalisha dada yake barazani, akamshika vidole kama mama alivyowashika wao: ukindu mmoja juu, mmoja chini. Mara wimbo ukasikika kutoka msituni. Lilikuwa zimwi, linaimba kwa sauti ile ile ya mama.

Mwanahawa akainua uso, akatabasamu.

"Wimbo mtamu huo," akasema. "Laiti nami ningekuwa na mama wa kuniimbia."