Mayai ya Minza

Paukwa!
Pakawa!
Ziwani pana nini?
Pana maji!
Chini ya maji?
Pana tope!
Ndani ya tope?
Pana mwenyewe, mpe nafasi apite!

Hapo kale walizaliwa uduvi wawili, Limi na Minza, tumbo moja, siku moja. Walikuwa wadogo, ukucha wa mtoto kwao uwanja. Likaja wimbi likawatenga. Limi akabaki juu, pembeni mwa ziwa, penye jua na chakula tele. Minza akashuka, akashuka, akashuka, hadi chini kabisa kwenye giza na baridi. Huko chakula ni makombo yanayodondoka toka juu, leo yapo, kesho hayapo.

Sasa, uduvi walikuwa na desturi. Kila masika uduvi wa kike wote hukutana mtelemkoni, Kaa awapapase matumbo. Mwenye mayai huimbiwa. Asiye nayo hadi masika ya tatu, Kaa humla. Sheria aliitunga mwenyewe, na huko chini hajawahi kufika hata siku moja, mvivu yule!

Masika ya kwanza, tumbo la Limi limejaa.

"Minza, mayai yako wapi?" Kaa akauliza.

"Yaja, babu. Kwetu ni chini."

Wakamcheka. Limi hakucheka. "Panda kwetu, dada, kuna joto, utakua upesi."

Minza akapanda. Joto likamkaba, akarudi anahema.

"Basi kua polepole," Limi akasema. "Ukizaa, nitakuja kukukanda."

Masika ya pili, Minza akamtafuta dada yake. Akaja binti wa Limi, naye tumbo limejaa.

"Mama mdogo, mama hayupo. Sisi wa juu tukizaa, hatuoni masika mengine."

Minza akalia sana. Kaa hakungoja amalize.

"Minza, mayai yako wapi?"

"Yaja, babu. Kwetu ni chini."

Wakamcheka tena.

Masika ya tatu, waliomcheka hawapo, wamebaki watoto na wajukuu zao. Kaa akaja na gando wazi, njaa imemshika.

"Minza, mayai yako wapi?"

"Haya hapa, babu. Papasa."

Kaa akapapasa. Yamejaa! Akafunga gando, akatazama pembeni kwa aibu. Minza naye hakufurahi. Alitamani dada yake aone.

Ndipo akasogea uduvi mmoja mchanga. "Bibi, ndiwe wa chini?"

"Ndimi."

"Mimi mjukuu wa Limi. Bibi alimwachia mama neno, mama akaniachia mimi: akija wa chini na mayai, mkande."

Akamkanda. Minza akacheka na kulia pamoja.

Tangu siku hiyo Kaa hali mtu kwa kuchelewa. Huuliza kwanza, "Unaishi wapi?"

Nanyi msimpime mwenzenu kabla hamjajua anakoishi. Na maharage yangu yakichelewa kuiva, msininunie, sufuria yangu ina kina!

Hadithi nimeizamisha hapa. Mwenye pumzi aifuate.