Fisi Muuza Pumba

Ulikuja ukame mkali hata panzi wakahama, na kuku wakabaki kuchakura mchanga mtupu. Kishingo, kuku asiye na nyoya hata moja shingoni lakini mwenye vifaranga wengi, alichakura kupita wote. Wanawe walilia njaa tangu alfajiri, na moyo ulimuuma.

Hapo ndipo Fisi alipofungua duka la pumba. Mahindi yake yalikuwa yamelowa shimoni tangu masika, yakavunda, yakaota ukungu wa kijani. Fisi hakutupa hata punje. Aliyasaga vivyo hivyo, akayatia kwenye magunia, kisha akamwomba Mfalme Simba agonge unyayo wake juu ya kila gunia. Simba aliupenda mno unyayo wake. Aligonga magunia yote, akagonga mlango wa duka, akagonga na mgongo wa Fisi. Ndani ya gunia hakuchungulia.

"Mbona pumba zina kijani?" Kishingo aliuliza.

"Dada yangu, hiyo ni mboga. Nimewachanganyia kabisa msihangaike. Malipo ni mayai tu."

Kishingo alinusa, akasita, akawatazama wanawe, akatoa mayai.

Haukupita muda vifaranga wakaanza kuzubaa, mabawa yamelegea. Asubuhi moja Fisi akabisha hodi, amejifunga kanga nyeusi, analia kwa kwikwi.

"Poleni na msiba!"

"Msiba gani? Hapa hajafa mtu."

Fisi akafuta machozi, akachungulia ndani. "Aa! Basi nimewahi. Nitasubiri hapa kibarazani."

Akaketi, akatoa chumvi na ndimu, akaviweka pembeni.

Jioni kifaranga mdogo kuliko wote akafa. Fisi akajitolea kumzika, akaenda naye nyuma ya kichuguu, akarudi anajilamba. Kishingo alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akakimbia kwa Sungura na konzi ya pumba.

Sungura alinusa mara moja tu. "Hii ni sumukuvu, dada. Ukungu ukiota kwenye mahindi huacha sumu, na kusaga hakuiondoi. Usiwape tena."

"Nikamwambie Simba?"

"Unyayo wake uko juu ya gunia. Ukilisema vibaya gunia, umemtukana mfalme. Sisi tusiseme kitu. Tupike."

Kesho yake wakasonga ugali wa pumba zile, wakawaalika wanyama wote. Simba hali ugali, ila huu ulikuwa na unyayo wake, akaja kifua mbele. Kwa desturi ya nchi ile, mwenye chakula huonja kwanza mbele ya wageni ili kuondoa shaka ya sumu. Sungura akamsogezea Fisi sufuria.

"Mwenye pumba, karibu. Tuondolee shaka."

Fisi akautazama ugali. Akairudisha sufuria. "Mimi... nimeshiba."

Nyani akaanguka kutoka mtini. Fisi, aliyewahi kula ngozi ya ngoma katikati ya harusi huku ngoma ikipigwa, ameshiba!

"Halafu nimefunga," Fisi akaongeza, na hapo ndipo akajimaliza kabisa.

Simba si mwepesi wa kufikiri, lakini hili lilimwingia. "Fisi amekataa chakula," akasema polepole. "Basi hicho si chakula." Kisha akaliona gunia, na manyoya yakamsimama. "Na unyayo wangu uko juu yake!"

Magunia yakachomwa moto yote. Fisi akahukumiwa kuanika mahindi juani mpaka yakauke kau, na kula bakuli zima la kila gunia mbele ya kuku kabla halijauzwa. Sasa nchi nzima haina mwanikaji makini kama yeye. Wingu likipita tu, anakimbia na turubai akipiga yowe.

Kishingo hajamsamehe. Kila asubuhi huja na vifaranga waliobaki, akasimama mbele ya Fisi.

"Meza," humwambia. "Haya, fungua mdomo nione."

Fisi hufungua. Kishingo huchungulia hadi kooni, kisha huwageukia wanawe.

"Kuleni, wanangu."