Tawi Lililofika Kabla ya Trekta

Sogeeni karibu, na aliye nyuma aje mbele. Mwisho wa hadithi hii nitawaachia ninyi kazi, na sitaki mtu aniambie kwamba hakusikia vizuri.

Palikuwa na watu watatu walioongoza magari kwenye barabara ya mlimani iliyokuwa ikitengenezwa.

Wa kwanza aliitwa Mbelwa, naye alijaliwa masikio. Gari likiwa bado chini bondeni, alijua kama ni basi au lori, na kama ni lori, aliweza kukutajia ugonjwa wake. Wenzake walikuwa wameacha kabisa kumsengenya, kwa sababu hapakuwa na umbali uliotosha.

Wa pili aliitwa Hiza, naye alijaliwa sauti. Akinong'ona, kuku wa jirani walitawanyika. Mkewe hakumwambia siri yoyote, maana Hiza akiuliza tu "Siri gani?" kijiji kizima kilikuja kusikiliza jibu.

Wa tatu aliitwa Nyamizi, naye alijaliwa hofu. Msicheke, hofu nayo ni kipaji. Nyamizi aliogopa mambo kabla hayajatokea, kisha akayatafutia dawa. Siku yake ya kwanza kazini aliwasimamisha madereva waliokuwa wakiteremka mlima na kuwauliza, "Breki zikikukatalia hapa, utakwenda wapi?" Mmoja akamjibu kwamba atakwenda kwa Mungu. "Basi ngoja nikuwekee mchanga," akasema Nyamizi, "uende hapo kwanza."

Na kweli aliuweka. Chini kidogo ya kilele, kabla ya kona, alilaza tuta refu la mchanga laini ubavuni mwa mlima. Msimamizi wa kazi, Bwana Mkwizu, alipouona alishika kichwa. Mchanga ule ulikuwa wa kuchanganyia zege. Alimwamuru auondoe. Nyamizi akasema, "Sawa bosi, kesho," na kila siku akaendelea kusema kesho kwa adabu ileile.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyokwenda. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umechimbwa mtaro, kwa hiyo magari yalipita upande uliobaki, kwa zamu. Mbelwa alisimama chini na filimbi ya dharura na kibendera chake. Hiza alisimama juu na chake. Nyamizi alikuwa katikati, penye kona, pamoja na wachimbaji, akipanga koni na mapipa. Kona ile iliwazuia wale wawili kuonana, hivyo walikuwa na desturi yao: gari la mwisho kwenye msafara lilipewa tawi la mkaratusi. Likifika ng'ambo, mwenye tawi alilikabidhi, na aliyelipokea alijua kwamba njia ni tupu. Hapo aliwaruhusu watu wake, na wa mwisho wao alirudi na tawi.

Kazi ilikuwa karibu kwisha. Bwana Mkwizu alikuwa amewaambia kwamba kwenye barabara inayofuata kuna nafasi ya mwongoza magari mmoja tu, lakini ni ajira ya kudumu. Wawili wangerudi kwenye jembe. Tangu siku hiyo Hiza alijitahidi kunong'ona, Mbelwa alijifanya hasikii mengine, na Nyamizi aliogopa maradufu.

Basi Jumamosi moja ulipanda msafara kutoka chini. Ndani yake mlikuwa na trekta lililovuta tela, na telani walikaa akina mama wa kwaya wakiimba. Nyuma yao, mwisho kabisa, alikuja bwana harusi kwenye gari dogo jeupe, suti imembana, amechelewa kanisani. Mbelwa akampa tawi. Bwana harusi akalipakata pamoja na shada la maua.

Walipofika penye kona, trekta likakohoa, likazima. Magari ya mbele yalikuwa yameshakwenda. Bwana harusi alipiga honi, akaomba, akamtaja bibi harusi, akamtaja na baba wa bibi harusi. Mwishowe, Nyamizi alipokuwa ameinama kusukuma trekta, akajipenyeza pembeni ya tela, akawapungia mkono akina mama na kuondoka. Alipofika juu alimkabidhi Hiza tawi kwa tabasamu zuri sana. La trekta hakulisema.

Tawi limefika, njia ni tupu, ndivyo walivyokubaliana. Hiza akainua kibendera cha kijani, na lori lililojaa kabichi likaanza kuteremka.

Hapo ndipo masikio ya Mbelwa yalipofanya kazi. Kule chini alisikia kwamba wimbo wa kwaya haupandi tena. Umesimama mahali pamoja, ubeti baada ya ubeti. Kisha kwa juu akasikia lori zito likibadilisha gia. Akaviweka viwili hivyo pamoja, akapuliza filimbi ndefu ya kufunga njia, hadi mashavu yakamuuma.

Hapo ndipo sauti ya Hiza ilipofanya kazi. Aliisikia filimbi, lakini lori lilikwisha kumpita. Dereva alikuwa amefunga vioo na kufungulia muziki. Hiza akavuta pumzi, akaita, "Njia imezibwa! Ingia mchangani!" Dereva alieleza baadaye kwamba aligeuka kutazama ni nani aliyekaa naye kiti cha pili.

Na hapo ndipo hofu ya Nyamizi ilipofanya kazi, ingawa mwenyewe wakati ule alikuwa akisukuma trekta na akina mama. Dereva alikanyaga breki, na kwa uzito ule na mteremko ule lori likaendelea kuteleza. Akakata usukani. Lori likazama kwenye mchanga wa "kesho", likaguna, likasimama. Kabichi ndizo zilizoendelea na safari. Ziliruka koni, zikaingia mtaroni juu ya vichwa vya wachimbaji, na moja ikatua mapajani mwa kiongozi wa kwaya aliyebaki telani, akaipokea bila kukatisha ubeti.

Hakufa mtu. Jioni ile kila nyumba ilipika kabichi.

Kesho yake Bwana Mkwizu aliwaita wote watatu, na ugomvi ukaanza. Mbelwa alisema bila masikio yake hakuna ambaye angejua. Hiza alisema kujua si kitu kama dereva hajui, na alilisema hilo kwa nguvu hata Mbelwa akaziba hayo masikio. Nyamizi aliwauliza kwa upole, hilo lori wangeliambia liingie wapi?

Bwana Mkwizu akajaribu kuwapunguza kwa makosa. Mbelwa hakumwambia bwana harusi asimpite mtu. Hiza alipokea tawi bila kuuliza kama aliacha mtu nyuma. Na Nyamizi alikaidi amri. Akaona makosa nayo yamelingana.

Akawaita mashahidi. Dereva wa lori akamtetea Hiza. Wachimbaji, waliokuwa bado wakitoa kabichi mtaroni, wakamtetea Nyamizi. Kiongozi wa kwaya akamtetea Mbelwa. "Mwanangu," alimwambia msimamizi, "miaka yote hii tunaimba, huyu ndiye wa kwanza kutusikiliza kweli."

Bwana Mkwizu akaenda kushika mlango wa gari. Greda limeshatangulia. Gari la kazi limewasha injini kuelekea barabara mpya, nyuma limejaa koni na mapipa, mbele pamebaki kiti kimoja. Watu watatu wamesimama kando yake na mabegi yao, wanamtazama. Yeye ananitazama mimi, nami nawatazama ninyi.

Haya, semeni: nani apande? Na ukishamtaja, niambie jambo moja zaidi. Wale wawili unaowaacha barabarani, utawaeleza nini?