Kamba ya Chapuo

Paukwa!

Pakawa!

Mbwa ana nini?

Mkia!

Na mwenye mbwa ana nini?

Kamba mkononi!

Haya, tulieni. Na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, aliishi Bi Mbodze na mbwa wake, Chapuo. Walipenda kwenda kutembea kwenye magofu ya mji wa kale, penye makaburi ya mababu. Bi Mbodze alimfunga Chapuo kamba. Chapuo aliichukia kamba hiyo, jamani!

Siku ya kwanza walimkuta Kanga ameatamia mayai chini ya ukuta. Chapuo akaruka. Bi Mbodze akavuta kamba.

"Niachie, mama!"

"Thubutu! Hapa pana wenyewe."

Siku ya pili Chapuo akajisaidia kando ya kaburi. Lo, aibu! Bi Mbodze akazoa kwa jani la mgomba, akaenda kufukia mbali. Wakati wa kurudi Chapuo akamrukia Kanga tena, akavutwa tena. Kanga alikuwa akiyaona yote.

Siku ya tatu Chapuo akalia, akamlamba Bi Mbodze miguu, akalia. "Kidogo tu, mama." Bi Mbodze akamwonea huruma, akamfungua.

Weee! Mbio hadi kwa Kanga. Kanga akapaa. Chapuo akamfuata bila kuangalia mbele, na mbele palikuwa na kisima cha kale kilichofunikwa na majani. Chubwi!

Bi Mbodze akamwita huku na huku, asimwone. Maji yalimfika Chapuo shingoni. Kanga akachungulia.

"Umekoma?"

"Nimekoma, dada. Nakufa!"

"Wewe ningekuacha humo. Lakini mama yako amenilindia mayai mara mbili, nami sijamshukuru."

Akaruka hadi kwa Bi Mbodze, akampigia kelele, akamwongoza mpaka kisimani. Bi Mbodze akateremsha kamba. Ile ile! Chapuo akaiuma kwa meno yote, akavutwa, akatoka.

"Ahsante, mama. Ahsante sana, dada Kanga," akasema akitetemeka.

"Nisamehe nami, Kanga," akasema Bi Mbodze. "Mimi ndiye niliyemfungua."

"Mayai yangu mazima. Mambo yameisha."

Tangu siku hiyo, wakitaka kutoka, Chapuo mwenyewe huleta kamba mdomoni. Na vifaranga vya Kanga humpita puani bila wasiwasi.

Basi, ukienda na mbwa mahali pa watu wote, mfunge, zoa uchafu wake, na uwaheshimu uliowakuta. Huenda wao ndio watakaokuokoa.

Hadithi yangu nimeifunga kamba. Atakayeondoka nayo, aishike vizuri!