Jua Usoni mwa Chausiku

Paukwa!

Pakawa!

Jua!

La wote!

Haya, kaeni vizuri. Nawe acha kumfinya mwenzio, sirudii mimi.

Palikuwa na binti akiitwa Chausiku. Kutwa alikuwa shambani akiamia mpunga, afukuze ndege, jua likamchoma mpaka uso ukajaa vidoadoa. Wenzake wakamcheka, "Kanga huyooo!" Naye akienda kulala, analia.

Siku moja, jua limeshazama naye bado hajarudi kwao, zimwi likajigeuza bikizee, likamfuata shambani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Madoa hayo yanakusumbua, eh? Twende kwangu. Kwangu mimi ni liwa tu."

Chausiku akadhani ni liwa ile ya kujipaka usoni. Maskini, akafuata kwa furaha.

Basi, nyumba haina dirisha. Mlango ulipofungwa, giza tii! Sauti ya bibi ikageuka ngurumo.

"Bibi, liwa iko wapi?"

"Si nilikwambia? Utaliwa! Ila kwanza jua likutoke usoni. Nikikula nalo, litaniunguza tumbo."

Lahaula! Chausiku akapapasa ukuta, hamna upenyo. Akamwita mama yake, hamna jibu.

Kila usiku zimwi lilifungua mlango, likamshika mkono kwa nguvu, likamtazama usoni kwa mbalamwezi.

"Chausiku, jua limetoka?"

"Bado."

Kule gizani madoa yakaanza kufifia.

"Chausiku, jua limetoka?"

"Bado."

Yakazidi kufifia, na zimwi likaanza kunoa kisu. Ajabu, madoa yale yale aliyoyalilia, sasa akayaombea yabaki!

Basi, asubuhi moja zimwi linakoroma humo humo gizani, Chausiku akasikia ndege wa mpunga wakipiga kelele nje. Hao aliwajua. Hawashuki shambani mpaka kuche kabisa. Akapaza sauti:

"Zimwi wee! Jua limetoka!"

"Limetoka?"

"Limetoka kabisa!"

Zimwi likakurupuka na usingizi wake, udenda unalitoka, likafungua mlango upesi liutazame uso. Lo! Jua likalipiga, fff! Likawa jivu. Na Chausiku hakusema uongo hata chembe.

Akakimbia mbio mpaka kwao. Mama yake akamkumbatia, akalia.

"Umepauka, mwanangu! Ingia ndani upumzike."

"Sitaki ndani, mama. Niache hapa hapa."

Akaketi katikati ya uwanja, uso kauelekeza juani, machozi ya furaha yanamtiririka.

Hadithi yangu naitua hapo. Mtu akikupa dawa ya kitu kisichokuuma, muulize kwanza yeye anataka nini.