Bi Tuhfa na Tasbihi Iliyopungua Punje

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mabonde ya Hadramaut aliishi mjane mchamungu, jina lake Tuhfa binti Awadh, na kazi yake ilikuwa kutunga tasbihi. Zamani mumewe alichonga punje na yeye akazitunga. Mume alipofariki, wachongaji wengine wa mji wakawa wanampelekea yeye kazi zao, maana mkono wake ulijulikana.

Alikuwa mwanamke wa ibada, na tuseme kweli, alikuwa mkali kidogo. Mtu akija kuchagua tasbihi, Bi Tuhfa alimwambia afumbe macho, kisha azishike moja moja mpaka vidole vyake viridhike na punje. Aliyekuja na macho yake yote kwenye kaharabu inayong'aa aliulizwa, "Wataka ya kumtajia Mola wako au ya kuonyesha wageni?" Baadhi walinuna, lakini walirudi. Na kila mteja alipewa wasia wake mlangoni: usiivae shingoni kama mkufu, usiitie maji, ipanguse kwa tone la mafuta ya ufuta, na uzi uje kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu, kwa sababu ukikatikia sokoni punje hutaziokota zote.

Yeye mwenyewe alikuwa na desturi yake. Hakutunga bila udhu, na akishaanza hakuzungumza na kiumbe. Kila punje iliyoingia kwenye uzi aliisomea Subhana Llah, na dhikri hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake: thelathini na tatu, kigawanyo, thelathini na tatu, kigawanyo, thelathini na tatu, kisha ile punje ndefu ya kichwani, halafu fundo. Kwa miaka ishirini hakuna aliyemrudishia kazi.

Asubuhi moja, Shaaban ikielekea ukingoni, Bi Tuhfa alikuwa akikunja mkeka wake wa kazi ili autandike mpya kabla ya Ramadhani. Kutoka kwenye mshono wa ukingo ikadondoka punje moja ya rangi ya hudhurungi. Aliitambua palepale. Mji mzima ulikuwa na tasbihi moja tu ya kokwa za zeituni, na mwenyewe alikuwa Sheikh Abdulbari, imamu wa mtaa wao. Babu yake sheikh alikuja nayo kutoka Baytul-Maqdis, na vidole vya watu watatu, baba kwa mwana, vilikuwa vimezilainisha zile kokwa mpaka zikawa kama zimepakwa nta. Bi Tuhfa akaketi pale pale sakafuni.

Haikuwa punje tu. Karibu miaka mitatu nyuma, binti wa pekee wa sheikh, Nasiba, alirudishwa nyumbani na mumewe akiwa ameachwa na huku mgonjwa wa kubebwa. Sheikh aliweka nadhiri: mwanangu akipona, nitamswalia Mtume, rehema na amani zimshukie, mizunguko elfu kwa tasbihi ya babu yangu, mmoja kila baada ya Alfajiri. Nasiba akapona. Kabla ya kuanza, sheikh aliipeleka tasbihi kwa Bi Tuhfa itiwe uzi mpya, na tangu siku ile hakuacha hata asubuhi moja. Sasa alikuwa amemaliza. Karamu ya shukrani ilikuwa Ijumaa, watu wameshaalikwa na ngamia ameshafungwa uani.

Kama punje ilikuwa hapa kiganjani mwake, basi kule kwenye uzi zilikuwa tisini na nane. Mizunguko elfu, na kila mzunguko umepungua moja. Nadhiri ya mcha Mungu, aliyoiweka kwa machozi, ilikuwa na upungufu wa swala elfu za kumswalia Mtume, na upungufu huo umetoka katika mkono wake yeye.

Wala hakuhitaji kujiuliza ilikuwaje. Siku ile alikuwa ameingia fungu la tatu pale jirani yake Mizna alipokuja akaketi kizingitini, akaanza habari za Nasiba. Tuhfa, ambaye hajibu salamu akiwa kwenye uzi, siku ile alijibu. Alisema, "Maradhi yale hayakuwa ya bure, shoga yangu. Yule alimnyima mavyaa wake maji ya kunywa, mwanamke wa watu yuko kitandani. Ameapizwa." Hakuona hayo kwa macho yake, wala hakuambiwa na mtu. Aliyasema kwa sababu mazungumzo yalikuwa matamu na yeye akataka kuongeza lake. Mkono ukaendelea kutunga, ulimi ukaendelea kutunga, na vyote viwili vikakosea.

Neno lile halikulala. Jioni lilikuwa kisimani, kesho yake likawa sokoni. Tangu hapo posa mbili zilikuja kwa Nasiba na zote mbili zikageuzia njiani, na wanawake wakawa wanavuta ndoo zao pembeni akija kuteka maji. Bi Tuhfa aliyaona yote hayo, akanyamaza.

Alikwenda kwa Mizna na punje mkononi. Mizna akaitazama, akamtazama na yeye, akacheka kwa wasiwasi.

"Sasa wewe unalia nini? Miaka mitatu inatimia, tasbihi italetwa kwako mwezi ujao itiwe uzi mpya. Itie punje yako kimya kimya, ufunge fundo. Nani atajua?"

"Na nadhiri yake?"

"Mungu ni mwingi wa rehema, anajua mzee hakukusudia. Tuhfa, fikiri. Ukienda kusema, ni nani atakayempa tasbihi yake mtu aliyeshindwa kuhesabu? Utakula nini?"

Bi Tuhfa alirudi nyumbani. Maneno ya Mizna yalimwingia, tusimsingizie umalaika. Alikaa na punje ile tangu dhuha hadi adhana ya Adhuhuri, akipima huku na kule, na kila upande ulikuwa na hoja. Mwishowe aliswali, na katika sijda yake ya mwisho akashindwa kuinua kichwa. Alipoinuka alijitanda baibui, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa sheikh, kwa sababu alijijua kwamba akikaa tena chini hatatoka.

Sheikh alimkaribisha barazani. Nasiba alileta maji na kahawa, akakaa nyuma ya pazia kama ilivyokuwa adabu ya nyumba ile. Bi Tuhfa hakugusa kikombe. Aliiweka punje kwenye sinia.

"Sheikh wangu, hii ni yako. Ilibaki kwangu siku nilipotia uzi. Umemswalia Mtume kwa tasbihi pungufu miaka yote hii, na kosa ni langu."

Sheikh aliitoa tasbihi mfukoni, akaihesabu polepole. Fungu la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likaishia thelathini na mbili. Akaihesabu tena. Uso wake ulikuwa na uchungu usiofichika.

"Asubuhi elfu," alisema hatimaye. "Asubuhi elfu, binti Awadh, na vidole hivi havikugundua kwamba fungu la tatu linakwisha upesi. Nilikuwa wapi mimi? Wewe ulikosea siku moja. Mimi nimeghafilika kila siku." Akafuta macho. "Itunge hapa hapa. Imebaki mizunguko kumi, na punje kumi juu yake. Leo leo, kabla ya Magharibi, nitakuwa nimeitimiza inshallah."

Bi Tuhfa alitawadha, akakata fundo, akatunga bila kutamka neno ila dhikri yake. Alipomaliza, sheikh alimwombea dua, akamwambia aende kwa amani. Mambo yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amekuja na hofu, na jambo lenyewe limemalizika kabla kahawa haijapoa vizuri. Hata moyo wake ulianza kumwambia kwamba sasa yuko huru.

Alipofika mlangoni Nasiba alitoka nyuma ya pazia kumsindikiza.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri, Bi Tuhfa," alisema. "Wangapi wangeficha? Natamani mji huu ungekuwa na watu wakweli kama wewe."

Ndugu zangu, kuna sifa zinazouma kuliko matusi. Bi Tuhfa alishika mwimo wa mlango. Angeweza kuitikia amina akaenda zake, na hakuna mtu duniani ambaye angemdai zaidi. Lakini alihisi kwamba akiipokea ile sifa atakuwa ameiba mara ya pili, na aliyeibiwa ni yuleyule.

"Usinisifu, mwanangu," alisema. "Hukuniuliza kwa nini nilikosea hesabu. Nilikosea kwa sababu nilikuwa nakusengenya wewe. Lile neno la mavyaa wako na maji ya kunywa nimelitunga mimi. Halina asili. Limetoka kinywani mwangu, kwenye mkeka wangu, na tasbihi ya baba yako mkononi."

Pale barazani sheikh aliinamisha kichwa. Nasiba alibaki amesimama. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilimwogesha mavyaa wangu kwa mikono hii mpaka siku aliyofariki," alisema. "Nilimnywesha maji kwa kijiko."

Bi Tuhfa alilia.

"Unajua lililonitesa zaidi?" Nasiba aliendelea. "Si neno lenyewe. Ni kwamba sikujua limetoka kwa nani. Kila mwanamke aliyenisalimia nilimdhania yeye. Nimewachukia watu wangapi kwa jambo wasilolifanya! Leo umenipunguzia watu wa kuwadhania. Umebaki wewe peke yako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Siwezi leo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa mbele ya baba yangu. Neno ulilisema mbele ya mwanamke mwenzio, na wanawake ndio waliolibeba. Ijumaa wote watakuwa hapa uani. Lirudishe mbele yao."

Bi Tuhfa alimgeukia sheikh, labda akitaraji amwonee huruma. Sheikh alisema tu, "Haki ni yake, binti Awadh. Si yangu mimi kuisamehe."

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, wanaume walikaa upande wao na wanawake wakajaa uani. Sinia za wali na nyama zilikuwa zimeshawekwa, na mikono imeshanawiwa, pale Bi Tuhfa aliposimama. Hakurefusha. Alisema kwamba neno walilolisikia juu ya Nasiba ni uongo, kwamba alilitunga yeye, kwamba binti huyu alimhudumia mavyaa wake kwa mikono yake hadi kifo, na kwamba kila aliyelipeleka mbele amrudie aliyempelekea. Uani palikuwa kimya hata mtoto mchanga alisikika akinyonya. Mizna aliitazama sinia yake, wala hakuinua kichwa. Kisha mnong'ono ukaanza, kwanza pembeni, halafu kila mahali, na Bi Tuhfa akatoka na mnong'ono nyuma yake. Hakuonja hata tonge.

Yale aliyoyahofia Mizna yalitokea. Ramadhani ilipita, na mwezi ambao kila mwaka ulimletea tasbihi chungu nzima haukumletea hata moja. Shawwal ikapita hivyo hivyo. Bi Tuhfa alisokota nyuzi za wafumaji wa nguo kwa ujira mdogo, akafuga mbuzi wawili, akasubiri. Aliyemuuliza kama anajuta alimjibu kwamba anajuta kwa neno la kwanza, si kwa la pili. Na njiani alipokutana na Nasiba alitoa salamu, akajibiwa salamu, basi.

Ilikuwa Dhul-Qaada, asubuhi, Bi Tuhfa anasuka chane za mkeka, Nasiba akaingia. Alikuwa na leso iliyofungwa fundo. Aliifungua mbele ya Bi Tuhfa, na ndani yake zilikuwa punje za msandali, nyeusi kwa umri.

"Za marehemu mama," alisema. "Uzi ulikatika siku aliyofariki, na sijawahi kumpa mtu azitunge upya."

Bi Tuhfa aliondoka akatawadha, akarudi, akaketi. Nasiba naye akaketi kizingitini, pale pale alipoketi Mizna siku ile, ingawa yeye hakulijua hilo. Hakuna aliyezungumza. Kilichosikika ni Subhana Llah, punje baada ya punje, mpaka fundo. Bi Tuhfa akaisugua tasbihi kwa mafuta kidogo, akaiweka katika viganja vya Nasiba.

"Ihesabu, mwanangu," alisema. "Ni haki yako, na mimi nimeshakosea."

Nasiba aliitazama tasbihi ya mama yake. Vidole vyake viligusa punje ya kwanza, ya pili, kisha vikaacha. Aliikunja, akaitia kifuani.

"Nimekuhesabia mengi miezi hii, Bi Tuhfa," alisema. "Hii siihesabu."

Basi enyi mnaobeba tasbihi mikononi, ziangalieni nyuzi zenu, na kabla ya nyuzi ziangalieni ndimi. Swala elfu zilizompungukia Sheikh Abdulbari alizitimiza alasiri moja. Neno moja lililomzidi Bi Tuhfa lilimgharimu jina lake na miezi yake, na Mwenyezi Mungu peke yake ndiye ajuaye kama kila sikio lililolipokea lilifikiwa na urejesho wake. Tunamwomba atujaalie tuwe wepesi wa kurudi kwa wale tuliowadhulumu, tungali nao katika mji mmoja.