Nguchiro, Kiboko na Skrini Iliyogoma

Hebu semeni, nani kati yenu hajawahi kuona bosi akiitukana kompyuta kama mbuzi wa jirani? Hakuna? Basi itikieni kwa nguvu.

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa skrini nyeusi, herufi nyeupe, na mwenye kiti haelewi kitu!

Haya. Kulikuwa na Nguchiro, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Digrii ya kompyuta anayo, first class, si ya kubahatisha. Kazi hana. Alikuwa akiuza panzi wa kukaanga mbele ya geti la ofisi ya maji, na aliwauza shingo juu, kwa maringo, kana kwamba watu wa ofisi ndio waliokuwa wakimwomba kazi yeye.

Ndani ya geti alikaa Kiboko. Digrii hana, ila mjomba anaye. Fundi wa zamani, Kakakuona, alipostaafu, Kiboko akaketishwa kwenye kile kiti, kiti kikalia kwii! Siku hiyohiyo akaanza kuandika jina lake. Mlangoni akaandika: KIBOKO. Kwenye kikombe akaandika: KIBOKO. Mashine ya kufungulia maji ilipomuuliza, "TERM?", yaani skrini yako ni ya aina gani, akaona nafasi tupu, akacheka, akaandika: KIBOKO.

Sasa mashine ile ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi hutoa taarifa ya mabomba ndani ya less, programu ya kusomea maandishi ukurasa kwa ukurasa. Msomaji akimaliza akaifunga, ndipo maji ya kijiji hufunguka. Asubuhi ile less ikaamka, ikatafuta skrini aina ya Kiboko, haikuiona. Duniani haipo! Ikalalamika: WARNING: terminal is not fully functional. Skrini hii haijakamilika, bwana. Kisha ikatapika alama za rangi zikiwa mbichi: ikatapika ESC[32m, ikatapika ESC[31m, ikatapika ESC[0m, mpaka chini kabisa: END.

Kiboko akagonga, puu! Mashine ikalia, tii! Akaandika TOKA, puu! Ikalia, tii! Akaandika MIMI NDIYE MKURUGENZI, puu puu puu! Ikalia, tii tii tii!

Nje foleni ikarefuka. Mama Ngiri alisimama mbele na watoto wake, ndimi zao kavu kama gome.

"Mheshimiwa, maji! Watoto wanakufa!"

"Tulieni! System ina virusi!" Kiboko akajibu, huku akijimwagia mgongoni pipa la mwisho la ofisi. Chubwi!

Nguchiro akasikia ile chubwi. Akafunika panzi wake, akaingia.

"Shikamoo, mheshimiwa. Naomba nitazame."

"Marahaba. Wewe muuza panzi? Una uzoefu gani?"

"Wa kutazama, mheshimiwa. Kutazama hakuvunji kitu."

Akachungulia. Akaona END, moyo ukamcheka: less haijafa, inasubiri tu herufi q ya kuifunga. Akapandisha macho mpaka juu, akakuta mashine imenung'unika: unknown terminal, KIBOKO, yaani skrini hii siijui. Angeweza kumaliza mambo palepale. Lakini akili ikamwambia, my dear, ukitengeneza kimyakimya, sifa atazila yeye, na kesho ataandika jina lake tena.

"Mheshimiwa, pole sana. Kosa ni ukubwa wako."

"Enhe?" Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Mashine ndogo, jina zito. Limeikaba koo. Mwenye jina atoke nje, alitangaze mbele ya wote, ndipo mashine ipumue."

"Niseme nini?"

"Ukweli tu, sema: Jina langu ndilo lililozuia maji."

Kiboko akavimba kwa fahari. Akatoka, mgongo ukichuruzika maji, du-du-du-du. Akapanua kinywa: "Sikilizeni! Jina langu ndilo lililozuia maji! Langu mimi, peke yangu!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Kumbe ni wewe, baba?" akasema Mama Ngiri. "Na pipa la mwisho ukalioga?"

Ndoo zikaruka. Kang! Kang! Kang! Kiboko akatimua mbio mpaka mto mkubwa, akazama, na mpaka leo mkipita pale mnaona pua tu.

Ndani, Nguchiro akagonga q. Moja tu, ta! END ikatoweka, mabomba yakakoroma, maji yakashuka shwaaa! Akaitajia mashine skrini yake ya kweli, TERM=xterm-256color. Akafungua taarifa upya kwa less -R, ile inayoruhusu rangi, na yale matapishi ya ESC yote yakageuka rangi: kijani kwa bomba zima, nyekundu kwa bovu. Akaketi. Miguu haikufika sakafuni, lakini fahari ilikuwa juu ya paa.

"Nani amekuajiri wewe?" Mama Ngiri akauliza dirishani, midomo inachuruzika maji.

"Kiu yenu, mama."

Kamba ya hadithi yangu imefika ncha; aliyeipenda aivute, aliyeichukia aikate.

Na funzo ni hili, watoto: msisome. Mtasoma ya nini? Tafuteni mjomba, nunueni kalamu nene, mjiandike kila mahali.

Na ninyi mnaogawa viti: wekeni mashine mbovu mezani, mwaite waombaji wote, wapwa zenu wakiwemo, kila mmoja aitengeneze mbele ya watu. Atakayeweza, mpeni kazi. Leo.